Mnyama Ndiye Mwenye Saa: Maneno kwa Manahodha na Watembeza Wageni wa Kusini Unguja

Maneno haya niliyasema Kizimkazi, kwenye mkutano wa manahodha, watembeza wageni na wanakijiji. Wako waliokuwa baharini siku ile, wakaniomba niyaandike. Nimeyaweka yote kama nilivyoyasema, isipokuwa picha zilizopita ukutani.

Assalamu alaykum.

Mheshimiwa sheha, wazee wetu, mama zangu wa pweza, manahodha na mabaharia, vijana wa kutembeza wageni, na hata nyinyi mapapasi, mnaowauzia wageni safari mitaani, mliojibanza nyuma karibu na mlango kama kawaida yenu: nakushukuruni kwa kuja. Najua leo kuna maji mazuri na wengine mmeacha kazi kuja kunisikiliza. Nitajitahidi msijute.

Nimeombwa nizungumzie vivutio vya asili vya ukanda wetu. Ndugu zangu, nikianza kuvihesabu tutakesha, na nyinyi mnavijua kuliko mimi. Pomboo mnao. Mwamba mnao. Msitu wa Jozani uko hapo juu tu, na kuanzia Julai mpaka kiasi cha Oktoba nyangumi wanapita na watoto wao. Sikuja kukuelezeni mlichonacho. Nimekuja kuzungumza juu ya saa.

Mgeni anafika hapa na saa mkononi. Chai saa moja, gari saa mbili kasorobo, boti saa mbili, chakula saa saba, na kesho kutwa ndege. Hoteli ina saa yake. Dereva naye ana saa yake, maana ametoka Nungwi usiku usiku na anataka kurudi Nungwi kabla jua halijachwa. Lakini pomboo ana saa yake. Kima ana saa yake. Kasa ana saa yake, na bahari yenyewe inajaa na kukupwa kwa saa ambayo haikupangwa na meneja yeyote. Basi nauliza: katika biashara hii yetu, saa ni ya nani?

Mimi nasema saa ni ya mnyama. Kazi yetu ni kumtoa mgeni kwenye saa ya hoteli tukamtia kwenye saa ya mnyama. Sasa tujiulize kwa haki, tunafanya hivyo? Au tunamburuta mnyama tumtie kwenye saa ya hoteli?

Nianze na pomboo, maana nikija Kizimkazi nikaanza na kitu kingine mtasema nimeogopa.

Wazee mliopo hapa mnakumbuka vizuri. Pomboo katika maji ya Unguja alikuwa chambo. Alivuliwa, akakatwa vipande, akatiwa kwenye ndoana za papa, na uvuvi huo uliendelea mpaka mwaka 1996. Safari za kuwapeleka wageni kuwaangalia pomboo hapa Kizimkazi zilianza 1992. Hebu lifikirini hilo. Ipo miaka kadhaa ambapo pomboo alikuwa chambo kwa mvuvi mmoja na riziki ya kila siku kwa jirani yake. Kilichobadilisha mambo si hotuba ya mtu. Watu waliona kwa macho yao kwamba pomboo aliye hai mgeni anamlipia leo, kesho na mwakani, na aliyekatwa vipande kazi yake imekwisha siku ileile. Mwaka 1997 Ghuba ya Menai ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi, na leo mtoto wa Kizimkazi hajui kabisa kwamba pomboo aliwahi kuvuliwa.

Kumuua tumeacha. Je, tumemwacha apumzike?

Pomboo halali kama tunavyolala sisi. Anavuta pumzi hewani, kwa hiyo akizama katika usingizi mzito atakufa. Nusu ya ubongo wake hulala na nusu ya pili hukesha, kisha zinapokezana. Na kundi linalopumzika nyinyi manahodha hamhitaji kuambiwa na mtu, mnalijua. Wanakaa karibu karibu. Wanakwenda pole pole. Wanazama pamoja na kuibuka pamoja, hakuna anayeruka, hakuna anayepiga mkia. Maji haya ya karibu na pwani, ambayo kwetu ni dakika chache tu kwa mashine, ndipo wanapopumzika na ndipo wanaponyonyesha.

Sasa itazameni asubuhi yetu ya msimu. Boti ya kwanza inatoka na jua. Ya pili inafuata. Nahodha mmoja anaona pezi, anaongeza mafuta, na wenziwe wote wakisikia mashine imebadilika sauti wanageuza vichwa vya boti. Mnacheka kwa sababu mnajua nasema kweli. Kisha boti zinakata mbele ya kundi, zinawaangusha wageni majini na mapezi yao, chupwi chupwi, pomboo wanazama, wageni wanapandishwa tena, boti zinakimbia mbele, wageni wanaangushwa tena. Na tena. Na tena.

Muwekeni mama mwenye mtoto katikati ya hayo. Mtoto wa pomboo hukaa ubavuni mwa mama yake, nyuma kidogo ya pezi. Ananyonya chini ya maji kwa sekunde chache, anapanda kuvuta pumzi, anashuka tena kunyonya. Ili anyonye, ni lazima mama apunguze mwendo. Boti ikija kwa kasi mama anakaza mwendo, na mtoto anaachwa na chuchu. Boti ya pili ikija ni hivyo hivyo. Ya tano je? Ya kumi?

Watafiti waliofanya kazi katika maji haya wamelipima jambo hili: penye boti za watalii pomboo hupunguza kupumzika na huzidisha kusafiri. Na kundi letu si kubwa. Walipohesabiwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 hawakufika mia mbili. Jike mmoja anabeba mimba mwaka mzima, na baina ya mtoto na mtoto hupita miaka mitatu au zaidi. Hao si dagaa, jamani, kwamba ukikosa leo wataletwa wengine na mwezi.

Lakini nahodha anafukuza kwa nini? Kwa uovu? Sidhani. Nahodha anafukuza kwa sababu ahadi imeshatolewa kabla yeye hajang'oa nanga. Mtu mmoja Forodhani amemwambia mgeni, pomboo ni uhakika, asilimia mia. Mwingine amemwambia, usipomwona pomboo hulipi. Aliyeahidi yuko mjini anakunywa kahawa, na wewe uliye baharini ndiye unayeitwa mwongo. Nawaambieni mapapasi, na nyinyi wenye ofisi za safari mlioko hapa: ahadi ya mnyama wa mwituni hakuna mwenye mamlaka ya kuitoa. Kama mmezoea kuuza pomboo, anzeni kuuza asubuhi ya bahari. Pomboo akija, alhamdulillahi. Asipokuja, mgeni hajadhulumiwa kitu, kwa sababu alichonunua amekipata.

Na nahodha, ukiwaona, fanya hivi. Usije kwa mbele, usije kwa nyuma. Njoo kwa ubavu, mwendo mdogo, uende sambamba nao ukiwa mbali. Zikishafika boti mbili tatu, wewe wa nne subiri. Kundi likiwa limelala, pita zako. Wakitaka kukujia watakuja wenyewe, wataogelea chini ya omo yako na wageni wako watapiga makelele ya furaha mpaka wapoteze sauti. Nani kati yenu hajawahi kujiwa hivyo? Kila mmoja wenu. Basi mnajua kwamba inawezekana.

Juu ya kuogelea nao, msimamo wangu nitausema hata kama hamtaupenda: mimi naona tuache. Mgeni aangalie kutoka botini. Najua kuna watakaosema tutapoteza wateja. Tutapoteza wale wanaotaka kumshika mnyama, na hao waende wakashike kitu kingine.

Sasa nikusimulieni kisa. Yupo nahodha mmoja mzee wa hapa, jina silitaji kwa sababu hapendi, lakini wengi mshamjua. Siku moja ya kaskazi alitoka na wageni, akazima mashine mbali na wenziwe, akakaa. Wageni wakaanza kuulizana. Wanaona boti nyingine zinakimbia, wao wamekaa. Mzee akawaonesha wavuvi wa ngalawa, akawaeleza upepo wa kusi na upepo wa kaskazi na jinsi majahazi yalivyokuwa yakija na mmoja na kuondoka na mwingine. Pomboo hawakutokea siku hiyo. Hata mmoja. Mzee akatazama pwani, akasema leo bamvua, maji yanatoka, turudini. Akawarudisha ufukweni, akamwita mama mmoja aliyekuwa anashuka mwambani na mti wake wa pweza, akamwambia: bibi, wachukue hawa.

Wageni wale walirudi saa tano na nusu wakiwa na matope mpaka magotini, na mpaka wanapanda gari walikuwa wanazungumzia pweza.

Mama zangu, nyinyi ndio walimu wakubwa kuliko sote humu ndani, na jina lenu haliko katika orodha ya hoteli hata moja. Mtu anayesoma mwamba anaona nini? Mgeni anaona mawe na maji. Mama anaona tundu, na mdomoni mwa tundu pana maganda ya kaa na makombe yaliyopangwa, na mawe madogo yamesogezwa yakaziba nusu ya mlango. Hapo pana mwenyewe. Maganda yakiwa meupe na safi, mwenyewe amekula karibuni. Yakiwa yameota ukungu wa kijani, amehama. Kisha mama anaingiza ncha ya mti taratibu, na unaona kitu cha ajabu: jiwe linabadilika rangi. Lilikuwa kahawia likawa jekundu, likafanya madoa, likatoa jicho. Mgeni aliyesafiri bara mbili amelipita jiwe hilo mara mbili asijue kwamba linamtazama.

Hiyo ni safari ya asili kamili, wala haihitaji mafuta ya mashine. Lakini ina saa. Inataka bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yakitoka mbali. Wakati wa maji mafu, yasiyotoka mbali, huendi popote. Meneja wa hoteli akikwambia anataka matembezi ya mwambani kila siku saa nne, mwambie aongee na mwezi.

Na ina adabu zake. Wageni watembee kwenye mchanga, wasikanyage tumbawe hai. Wavae viatu. Jiwe likipinduliwa kuangaliwa chini, lirudishwe kama lilivyokuwa, kwa sababu vijidudu vya chini ya jiwe vikipigwa na jua vinakufa. Na kiti cha pweza! Huyu maskini anateswa sana. Ni mzuri, mwekundu, ana vinundu vyake vya mapambo mgongoni, basi kila mgeni anataka kumwinua apige naye picha. Kiti cha pweza anapumua kwa vijitundu vidogo vidogo vya ngozi vinavyotaka maji. Ukimtoa juani ni kama umeniziba mimi pua na mdomo ili mgeni apate picha. Apigwe picha akiwa ndani ya maji, maji yenyewe ni ya kisigino.

Na mama anayevua pweza si sehemu ya mandhari. Akipigwa picha aombwe ruhusa. Akiongoza wageni alipwe, alipwe yeye mkononi, si kupitia kwa kijana atakayempa nusu kesho. Nasikia kuna minong'ono huko nyuma. Haya, nong'oneni, lakini nimesema.

Nyongeza ndogo kuhusu pweza. Anaishi muda mfupi, hafiki hata miaka miwili, lakini anakua kwa kasi kubwa. Ndiyo maana vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba, Kisiwa Panza wakiwa miongoni mwao, vimekubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa. Ikifunguliwa, pweza aliyekuwa wa kiganja sasa hujaza ndoo. Siku ya kufungua mwamba kijiji kizima kinashuka. Mnauliza wageni waje kuona nini? Waalikeni waione siku hiyo.

Tupande juu kidogo, twende Jozani. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004, na ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza Zanzibar. Mgeni anakwenda kumwona kima punju, na ana haki, kwa sababu punju haishi kwa asili mahali pengine popote duniani ila visiwani kwetu. Wachache walihamishiwa Ngezi, Pemba, miaka ya sabini. Hesabu kubwa iliyotangazwa 2017 ilipata zaidi ya 5,800, mara tatu ya walivyodhaniwa. Habari njema. Lakini hesabu hiyohiyo iliona kwamba watoto wanaonusurika ni wachache, kwa hiyo msilale.

Mkulima wa nazi wa pembezoni mwa msitu alikuwa hampendi punju, na nani atamlaumu? Anamwona juu ya mnazi wake anakula vidaka vichanga. Wakaja watafiti miaka ya tisini, wakafanya jambo la busara: walihesabu. Walihesabu vidaka vilivyoliwa, wakahesabu nazi zilizovunwa. Wakakuta penye punju mavuno hayakupungua. Mnazi wenyewe hudondosha vidaka vingi, na punju alikuwa anapunguza vile ambavyo vingi visingefika kuwa nazi. Yapo mengine anayoharibu shambani, silikatai hilo. Ila kwa nazi tulikuwa tunamsingizia.

Na ana jambo moja ambalo mgeni akilisikia hulikumbuka maisha. Punju wa mashambani anakula majani machanga ya mkungu na ya mwembe, majani yenye dawa kali ya kujilinda. Sasa afanye nini tumbo lisimsumbue? Anakula makaa. Ndiyo, makaa. Utamwona anashuka chini kwenye tanuri la zamani au kisiki kilichoungua, anaokota kipande, anakitafuna kimya, mdomo mweusi. Makaa yanafyonza ile sumu. Mwenyewe unasimama unamtazama, unajiuliza nani alimwambia.

Ndiyo maana nakasirika nikimwona mtembeza wageni anampa punju ndizi mbivu. Huyu tumbo lake lina vyumba vyumba, limeumbwa kwa majani na matunda mabichi. Sukari ya tunda bivu inaharibu uchachu wa tumbo lile. Unamrushia ndizi ili asogee, mgeni apige picha, wewe upate bakshishi. Na asisogelewe mpaka mtu akamkohoa usoni, maana mafua yetu anaweza kuyapata. Saa ya punju ni asubuhi kabla ya joto, na jioni. Mchana anapumzika juu akisaga majani, na mgeni aliyeletwa saa saba atalalamika kwamba wanyama ni wavivu. Wavivu ni nani hapo?

Njia inayopita msituni nisiisahau. Magari yalikuwa yanawagonga punju wengi mno, matuta yakawekwa, vifo vikapungua. Madereva wa wageni mlioko hapa, tuta lile halikuwekwa kukuchelewesheni Paje. Na ukishamaliza msitu, mpeleke mgeni kwenye daraja la mbao la mikoko pale Pete, lakini uliza maji kwanza. Yakijaa ataona samaki wadogo kati ya mizizi, yakitoka ataona kaa na tope. Yote mawili mazuri, ila ni matembezi mawili tofauti, na wewe unayeongoza ni lazima ujue leo ni lipi.

Kuhusu mwamba wa chini ya maji nitasema kwa kupitia kisiwa kimoja. Chumbe, hapo kusini mwa mji, kilifanywa hifadhi ya matumbawe mwaka 1994. Walinzi wake wa mwanzo walikuwa nani? Wavuvi. Vijana wa vijiji vya jirani waliokuwa wakivua, wakafundishwa matumbawe na samaki, wakawekwa kulinda bila silaha yoyote. Mvuvi mwenzao akiingia na ngalawa wanamfuata na maneno. Wanamweleza kwa lugha yake kwamba samaki wakizaa hapa watatoka nje ya mpaka, na nje ndiyo kwake. Mgeni wa Chumbe anaogelea juu kwa miwani na bomba. Kuzamia na mitungi ya hewa hakuruhusiwi. Na usiku, msituni, anatoka kaa wa nazi, mkubwa kupita kaa wote wa nchi kavu. Hakuna anayemfukuza. Unasubiri giza.

Kwetu Menai na Mnemba tatizo langu ni nanga. Tumbawe la mviringo linakua kiasi cha sentimita moja kwa mwaka. Lile lenye urefu wa mtu kifuani lilianza kabla babu yako hajazaliwa, na nanga yako inalivunja kwa sauti ya "kru" moja unayoisikia ukiwa botini. Joto la bahari la 1998 liliyapausha matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi yetu hii, na likarudi tena 2016. Joto hatuna mkono nalo. Nanga ipo mkononi. Tufungeni kwenye maboya, na pasipo boya tushushe nanga mchangani, hata kama mgeni ataogelea hatua chache zaidi. Anaogelea, si alikuja kuogelea?

Kasa na potwe nitawapitia mbiombio, maana wao si wa Kizimkazi hasa. Kasa jike anapanda pwani usiku. Akiona tochi, akisikia watu kabla hajataga, anageuka kurudi baharini. Watoto wakitoka, baada ya kama miezi miwili, wanafuata upande wenye mwanga, na zamani upande wenye mwanga ulikuwa bahari. Leo ni baa ya ufukweni. Wenye hoteli, zimeni taa za upande wa bahari. Kule Mafia, kisiwa cha Juani, wageni wanaitwa kushuhudia watoto wa kasa wakitoka kwa siku inayokadiriwa kutokana na tarehe ya kutaga, na kijiji kinapata fungu lake. Huko ndiko kwenda kwa saa ya mnyama.

Na potwe wa Kilindoni, huko huko Mafia, papa mkubwa kuliko samaki wote, wanaonekana zaidi kuanzia Oktoba mpaka Machi, palepale wavuvi wanapotega dagaa. Watu walidhani msimu ukiisha anahama. Watafiti wakamtia vifaa vya kutoa sauti, wakakuta wengi wao hawaendi mbali, wanashuka tu kwenye maji yenye kina na macho yetu hayawafikii. Madoa ya potwe hayafanani na ya mwenziwe, na picha ya ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua, inatosha kumtambua. Mgeni akipiga picha hiyo kwa umbali wa adabu amesaidia hesabu. Mpeni kazi hiyo, wageni wanapenda kupewa kazi.

Haya. Mheshimiwa sheha ananitazama, na mimi najua adhuhuri inakaribia.

Ninayo mambo matatu ninayotaka tuyaamue leo, kabla ya pilau. La kwanza, manahodha wa Kizimkazi zote mbili, Dimbani na Mkunguni, mgawane asubuhi. Si lazima boti zote zitoke saa kumi na mbili. Wengine watoke na jua, wengine watoke saa tatu, na siku moja ya juma maji yale yasiguswe na mashine ya mtalii hata moja. Ijumaa nusu yenu hamtoki hata hivyo. La pili, kila hoteli na kila ofisi ya safari ibandike ratiba ya maji ya mwezi mzima, bamvua na maji mafu, mahali ambapo mgeni anaisoma kabla hajachagua safari. La tatu, mama wa pweza wanaotaka kuongoza wageni waandikwe majina leo, na bei wapange wao wenyewe.

Katibu ana daftari. Mama zangu waanze kuandikisha, na wakati wanaandika, nataka nisikie kwa manahodha wa Mkunguni. Nani yuko tayari kuchukua zamu ya saa tatu? Wewe uliyeinua mkono nusu, inua wote.